Mahojiano Kama Fasihi: Burudani, Utetezi na Swali la Pesa

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akitaka kuandika juu ya Shaaban Robert, atakimbilia Kusadikika. Akitaka kuandika juu ya taarabu, atatafuta beti. Mahojiano aliyofanyiwa msanii huyohuyo, yawe ya gazetini, redioni au kitabuni, hayagusi. Na akiyagusa ni ili achomoe sentensi moja ya kutilia nguvu hoja yake, kisha basi. Tumeyafanya mahojiano kuwa kama mtumishi wa kazi nyingine za fasihi: anatumwa, analeta alichotumwa, wala hakaribishwi kukaa.

Makala haya yanakusudia kumkaribisha akae. Nitaeleza mambo matatu. Kwanza, mahojiano ni nini na kwa nini yastahili kusomwa kwa jicho lilelile la fani na maudhui tunalosomea tamthiliya. Pili, nitaonyesha, kwa mifano ya watu wanaojulikana, jinsi mahojiano ya wazi yanavyobeba burudani, utetezi wa wanyonge na habari za pesa. Tatu, nitadai kwamba hilo la pesa ndilo tunalolikwepa zaidi, na kwamba kulikwepa kunatufanya tuielewe vibaya historia ya sanaa yetu. Wako watakaosema pesa si mada ya mhakiki, ni mada ya mhasibu. Nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha tupambane kwa hoja.

Mahojiano ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Mahojiano yanatokana na kitenzi hoji, chenye undugu na hoja, kikaingizwa katika kauli ya kutendana: hojiana. Kwa hiyo lugha yenyewe inatuambia kwamba hapa hakuna mmoja anayehoji na mwingine anayehojiwa tu. Wote wawili wanafanyiana. Katika matumizi ya kila siku tumelisahau hilo. Polisi “wanamhoji” mtuhumiwa, mwajiri “anamsaili” mwombaji wa kazi, na katika hali zote mbili mamlaka yako upande mmoja wa meza. Mahojiano na mtu maarufu ni tofauti. Mwenye swali ana kalamu au kinasasauti, lakini mwenye jibu ana kile ambacho mwenye swali amekifuata. Kila mmoja ana cha kumnyima mwenzake. Hapo ndipo mvutano unapozaliwa, na bila mvutano, kama tulivyofundishwa, hakuna tamthiliya.

Je, tunayaweka katika utanzu gani? Wanaopenda mipaka hawana haja ya kuhangaika. Mwaka 1989, katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi aligawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Chini ya mazungumzo tunakuta hotuba, malumbano ya watani, soga na mawaidha. Mimi naona mahojiano yana chumba chake katika nyumba hiyo. Yana ushindani wa malumbano, yana ulegevu wa soga, na mara nyingi mwenye jibu akishapata moto hugeuka kuwa mtoa mawaidha. Kinachoyatofautisha na ndugu zake ni kwamba yanafanywa ili wasikie wasiokuwepo. Watani wakitaniana barazani wanajuana. Lakini wanaohojiana wanajua kuna mtu wa tatu, msomaji au msikilizaji, ambaye hajafika bado. Kila jibu linatupia jicho upande wake.

Kifani, basi, mahojiano yana wahusika watatu: mwulizaji, mjibu na huyo wa tatu asiyeonekana. Yana mandhari: nyumbani kwa msanii, studio, nyuma ya jukwaa. Yana muundo, ambao huonekana kuwa ni wa kubahatisha lakini sio. Maswali mepesi hutangulizwa, magumu huwekwa mwisho ili mtu akiondoka kwa hasira, angalau kaseti iwe imejaa. Na yana mhariri, ambaye hakai na wahusika lakini ndiye anayeamua nani aonekane mwerevu. Mhariri akikata kicheko, jibu la mzaha linakuwa tamko. Akiliondoa swali akabakiza jibu peke yake, mtu anaonekana kama alijitokeza mwenyewe kusema jambo ambalo kwa kweli alibanwa mpaka akalisema.

Mizizi yake kwetu

Wengine hudhani mahojiano ni kitu kilichokuja na redio. Si kweli. Mfano wa zamani ulio karibu na jambo hili ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Katika siku zake za mwisho Unguja, Mjerumani Heinrich Brode alimshawishi aandike habari zake. Akaziandika kwa Kiswahili, nazo zikachapwa mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 1905. Hayo si mahojiano ya swali kwa jibu, lakini ni maandishi yaliyozaliwa kwa ombi la mtu aliyetaka kujua. Na jambo linalomshangaza msomaji ni pesa: kitabu kimejaa bidhaa, mikopo, mizigo na bei. Hapo hakuna haya kabisa. Mtu anasimulia vita na deni kwa pumzi moja, na watu aliowauza wanapita katika hesabu hizo kama mizigo mingine. Uwazi wa mtu, ndugu msomaji, si sawa na wema wake. Na mhakiki anayechanganya viwili hivi atapotea mapema.

Mfano wa pili ni wa Siti binti Saad na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi yenye asili ya utumwa. Alitembeza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, wakiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kufanya hivyo katika Afrika Mashariki. Karibu na mwisho wa maisha yake, kabla ya kufariki mwaka 1950, Shaaban Robert alikutana naye, akamhoji, na kutokana na mazungumzo hayo tukapata Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma shuleni.

Mfano wa tatu ni kitabu kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1991, Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichotayarishwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel kutokana na mazungumzo yaliyorekodiwa na wanawake wa Mombasa. Humo utakuta ngoma, arusi, vyama na harakati za wanawake, na gharama za hayo yote. Lelemama, kwa mfano, haikuwa kucheza tu. Vyama vilishindana kwa sare na kwa karamu, na ushindani huo ulikula pesa za watu. Hapa maneno yameachwa yatembee kama yalivyosemwa, na ndiyo maana kitabu kinasikika sikioni.

Tukiilinganisha mifano hii mitatu tunapata somo la kwanza la fani. Kwa Tippu Tip mwulizaji amejificha na mjibu ametawala. Kwa wanawake wa Mombasa wote wawili wanaonekana. Kwa Siti, mwulizaji ametawala na mjibu amefifia. Nilipousoma Wasifu kwa ajili ya semina nilitafuta sauti ya Siti, nikakuta zaidi sauti ya Shaaban: mawaidha, falsafa ya utu, sifa za bidii na subira. Ni sauti nzuri, siikatai. Lakini ni sauti yake. Siti aliyejibu matusi ya mahasidi wake kwa nyimbo, mwanamke wa mjini mwenye ulimi, anasikika kwa mbali kama redio ya jirani. Uzito wa kitabu uko kwenye maadili kuliko kwenye hesabu. Na ajabu ni kwamba Shaaban mwenyewe hakuwa mtu wa kuona haya ya hesabu. Barua alizomwandikia ndugu yake kati ya 1931 na 1958, zilizochapwa na TUKI mwaka 2002, zinamwonyesha mtu wa kazi, nyumba, vitabu na pesa kama sisi sote. Kwa ndugu yake alisema. Kwa umma alimvalisha Siti kanzu nyeupe.

Burudani: mtu maarufu hujitungia kisa

Tufike sasa kwenye maudhui. Maswali ya burudani ndiyo mepesi kuuliza: ulianza lini, nani alikufundisha, wimbo gani unaupenda. Kwa kuwa ni mepesi, watu maarufu huulizwa mara mia, na kwa kuulizwa mara mia hupata jibu moja lililokomaa. Hapo mahojiano yanageuka ngano.

Mfano mzuri ni Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akajulikana zaidi na Matimila. Katika mahojiano mengi alisimulia kisa cha kuzaliwa kwake: mama yake alikuwa amepoteza watoto, mganga akatoa masharti, yeye akazaliwa na meno, na nywele zake hazikutakiwa kukatwa. Mwandishi wa habari anayaandika hayo kama taarifa ya maisha. Lakini sisi tuliosoma utendi tunashtuka: hiki ni kisa cha kuzaliwa shujaa! Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa mashariki hukohuko ya Kongo, shujaa anazaliwa akitembea na kusema. Alama ya kuzaliwa, makatazo, nguvu isiyo ya kawaida: vipengele vyote vipo.

Je, nasema Remmy alidanganya? La hasha. Nasema alikuwa fanani hata akiwa kwenye kiti cha mahojiano. Alijua kwamba mtu anayeitwa “Dokta” na umma lazima awe na chanzo kinachofanana na jina hilo, na fasihi ya kwao ilimpa umbo la kukisimulia. Kuuliza “ni kweli au uongo?” ni swali la karani wa vizazi na vifo. Swali la mhakiki ni: kisa hiki kinamfanyia kazi gani msimuliaji, na kwa nini hadhira inakitaka?

Bi Kidude naye, jina lake halisi Fatuma binti Baraka, aliulizwa umri mpaka waulizaji wakachoka wao. Alizoea kujibu kwa kurejea zama za rupia. Wengi waliliona jibu hilo kuwa ni la bibi kizee asiye na cheti. Tulitazame tena. Rupia ilitumika Unguja mpaka mwishoni mwa mwaka 1935, ndipo shilingi ya Afrika Mashariki ikaichukulia nafasi mwaka 1936. Na ilikuwa imetumika miaka mingi sana kabla ya hapo. Kwa hiyo jibu lake linataja enzi nzima bila kukupa mwaka, na linataja enzi kwa pesa ya kununulia samaki. Huo ni ufundi. Amejibu, na hajajibu. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, magazeti yalitaja umri tofauti tofauti, na yeye akaenda na siri yake.

Utetezi: pale jibu linapokuwa na gharama

Mtu maarufu akiulizwa juu ya mambo ya jamii, anaweza kusema maneno yasiyomgharimu chochote: tupendane, tudumishe amani, vijana waache mambo mabaya. Haya tunayasikia kila siku na hayamkeri mtu. Mahojiano yanakuwa ya wazi pale jibu linapoweza kumpunguzia mjibu kitu: mashabiki, kazi, nafasi redioni.

Turudi kwa Remmy. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati UKIMWI unateketeza watu na wengi wanausema kwa mafumbo, yeye aliimba Mambo kwa Soksi, akiwaambia watu wazi wazi watumie kondomu. Redio ya taifa haikuupiga. Kumbuka kwamba mpaka katikati ya miaka hiyo hapakuwa na redio binafsi Tanzania Bara. Kutopigwa redioni kulikuwa ni kama kuzimiwa taa. Hata hivyo wimbo ulitembea dansini na kwenye kaseti. Ukiyasoma mazungumzo yake ya zama hizo ukiwa na jambo hilo kichwani, kila neno lina uzito wake. Anayesema “mimi naimba kwa ajili ya wanyonge” baada ya kupata hasara kwa ajili yao, na anayesema maneno hayohayo akitangaza kinywaji, hawasemi kitu kimoja ingawa sentensi ni moja. Ndiyo maana nasisitiza muktadha. Mahojiano yakikatwa kutoka kwenye gharama yake, yanabaki maneno matamu tu.

Siti pia alikuwa na utetezi wake. Wimbo wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni, mtuhumiwa akatoroka kwenda bara, na lawama ya mahakama ikawaangukia wanawake walioshuhudia. Watu waliokuwa wakisikiliza walijua kesi ilivyokwenda, na wimbo ukawa hukumu ya pili, ya mitaani. Laura Fair, aliyehoji wazee wa Unguja kwa utafiti uliozaa kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa za mji huo, alionyesha jinsi kumbukumbu za wasikilizaji zinavyofungua maana ambazo santuri peke yake haizitoi. Kwa lugha yetu ya darasani: aliwafanya hadhira kuwa wahakiki. Asingewauliza, tungebaki na beti na kamusi.

Pesa: swali tunalolikwepa

Sasa nimefika ninapopataka. Chukua gazeti lolote lenye mahojiano na msanii mkongwe, uhesabu maswali. Utakuta safari, tuzo, ndoa, ushauri kwa vijana. Pesa itatajwa mara moja, mwishoni, kwa maneno ya huruma: “maisha ya sasa yakoje?” Mjibu anasema “tunamshukuru Mungu,” na hapo ukurasa unaisha. Ukija kwetu wahakiki ndiyo kabisa. Tunaandika kurasa ishirini juu ya matabaka katika nyimbo za msanii bila kujiuliza yeye mwenyewe alilipwa nini na nani.

Najua sababu. Kwa malezi yetu, kumwuliza mtu mzima kipato chake ni utovu wa adabu. Pia tuna dhana kwamba sanaa ya kweli haitaki pesa, dhana inayowafaa sana wale wanaonufaika na jasho la wasanii. Lakini bila pesa hatuelewi hata fani. Hebu tuone.

Takwimu inayotajwa sana na watafiti ni kwamba kufikia 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri 72,000 za muziki wa Kiswahili katika Afrika Mashariki, na Siti na kundi lake ndio walioufungua mlango huo. Hesabu hiyo inajulikana kwa sababu kampuni ziliandika zilichouza. Upande wa pili wa daftari, ule wa kilichoingia katika nyumba ya mwimbaji, ulihitaji mtu wa kuuliza, kwani mwimbaji hakuwa na karani. Kwa maneno mengine, ukimya wa mahojiano haukuwa wa bahati mbaya. Unaifuata mipaka ya nani alikuwa na kalamu.

Au chukua bendi za dansi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwaajiri wanamuziki kwa mshahara. Ikabadilika jina kadiri chama kilivyobadilika, JUWATA, kisha OTTU, na leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Mwanamuziki wa mshahara wa mwezi hatungi kama mwanamuziki wa kiingilio cha mlangoni. Wa kwanza anatunga huku mwajiri akisikiliza. Wa pili anatunga huku meza za mbele zikisikiliza. Urefu wa wimbo, sifa za viongozi au sifa za matajiri ndani yake, hata ile sehemu ya kuchezeka ya mwishoni, yote yana uhusiano na nani analipa. Hayo ni maswali ya fani kabisa! Lakini majibu yake hayamo kwenye kaseti. Yamo vichwani mwa wazee, nao wanaondoka.

Kuna na suala la haki. Kwa miaka mingi wanamuziki wa Tanzania walirekodi Radio Tanzania kwa malipo madogo ya mara moja, na nyimbo zikapigwa miongo kwa miongo. Maduka ya kunakili kaseti Kariakoo nayo yakafanya biashara bila mtunzi kuona senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki. Lakini sheria inahitaji ushahidi wa nani alitunga nini, lini, kwa makubaliano gani. Wapi ushahidi huo utapatikana kama hakuna aliyeuliza?

Mwaka jana, kwa kazi ya semina, nilimtembelea mzee mmoja mtaani kwetu ambaye aliwahi kupiga gitaa katika bendi iliyokuwa na jina. Nilibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai, kwani mgeni haendi mikono mitupu. Saa nzima alizungumza juu ya nyimbo na safari, simu yangu ikirekodi. Nilipomwuliza wimbo wake uliotamba zaidi ulimpatia shilingi ngapi, alinyamaza. Akasema, “Mwanangu, zima kwanza hicho.” Nikazima. Akanitajia, na akanitajia pia nani hakumlipa. Hayo sitayaandika, kwani hakunipa ruhusa. Lakini aliniruhusu kuandika hili: “Mjukuu wangu alipoolewa, walipiga wimbo wangu ukumbini mara tatu. Mpiga muziki alilipwa, mwenye ukumbi alilipwa, mpishi alilipwa. Mimi nilikula pilau.” Akacheka mpaka akakohoa.

Sentensi hizo tatu zina kinaya, zina takriri ya “alilipwa” inayojenga hadi kuvunjika kwenye pilau, na zina tabaka zima la watunzi ndani yake. Angeziandika mtunzi wa hadithi fupi, tungempa alama. Pia zinatufundisha mpaka wa uwazi. Mahojiano ya wazi si yale ambayo kila kitu kimechapwa. Ni yale ambayo mjibu alijua kitakachochapwa na akakubali. Kilichosemwa baada ya simu kuzimwa ni mali yake.

Wenzangu wameniuliza: je, ilibidi umlipe? Sukari ni adabu, si malipo. Lakini ukimkalisha mtu siku tatu, ukapata shahada kwa maneno yake, swali linabaki. Sisi wenyewe bumu likichelewa wiki mbili tunaandamana. Inakuwaje tuone ajabu mzee akitaka nauli? Msimamo wangu ni kwamba mambo ya malipo yasemwe mwanzoni, waziwazi, na yaandikwe ndani ya kazi yenyewe ili msomaji ajue. Mwulizaji anayemwuliza mwenzake habari za pesa huku akificha za kwake, hana mahojiano, ana upelelezi.

Namna ya kuyasoma

Kwa mwanafunzi atakayependa kujaribu, napendekeza maswali matano ya kuanzia.

Moja: nani aliyeomba mazungumzo haya, na kila upande ulitaka nini? Msanii mwenye albamu mpya hazungumzi kama msanii aliyetafutwa nyumbani kwake baada ya miaka thelathini.

Mbili: maswali yamebaki au yamefutwa? Yakiwa yamefutwa, jaribu kuyakisia kutoka kwenye majibu. Zoezi hili peke yake litakuonyesha mkono wa mhariri.

Tatu: ni jibu lipi limekomaa, yaani limesemwa mara nyingi mpaka likapata umbo la ngano, na ni lipi limezaliwa palepale? La kwanza lisome kama masimulizi. La pili lisome kama maigizo.

Nne: jibu hili linamgharimu nini mjibu? Kama halimgharimu kitu, usilipe uzito usiostahili.

Tano: pesa iko wapi? Kama haimo kabisa, jiulize nani ananufaika kwa kutokuwemo kwake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mahojiano yana wahusika, muundo, mandhari na lugha ya kisanaa, na kwamba yana nasaba ndefu kwetu, tangu kwa Tippu Tip hadi kwa Siti, Remmy na wanawake wa Mombasa. Nimeonyesha pia kwamba mtu maarufu anaweza kuwa fanani ndani ya jibu lake, na kwamba maneno ya utetezi hupimwa kwa gharama. Kuhusu pesa, dai langu ni rahisi: kama tunakubali kwamba fasihi huzaliwa katika mazingira ya uchumi, na tunalirudia hilo katika kila mtihani, basi tuwaulize watunzi wenyewe uchumi huo uliwapitia vipi mfukoni.

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa tatu huandika tasnifu, nyingi zikirudia riwaya zilezile tano. Ingekuwaje kama kumi tu kati yetu tungeamua kila mmoja kumtafuta mwimbaji mmoja, mghani mmoja au mpiga gitaa mmoja aliye karibu na kwao, kumwuliza kwa adabu na kwa ukamilifu, na kuweka kaseti na nakala maktabani kwa masharti atakayoyataka yeye? Kwa miaka mitano tungekuwa na mazungumzo hamsini. Hazihitajiki fedha za wafadhili. Inahitajika nauli, daftari, sukari kidogo, na ujasiri wa kuuliza: mzee wangu, shikamoo, wimbo huu ulikulipa nini?